Zamu Niliyoitoa kwa Mama Spesi

Mjukuu wangu Divine,

Amahoro. Hapa Rumonge tuko wazima, na goti la bibi yako limepoa.

Umeniuliza kwa nini sikuongea mbunge alipokuja kusikiliza shida za mtaa wetu. Nilipokuwa kijana mkimbizi Tanzania, mbunge wa kule alitutembelea. Akina mama walimweleza kwa Kirundi kwamba wanahitaji kisima, maji ya mto yanaumiza watoto. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nilitaka barabara ya kupeleka mahindi yangu mjini, kwa hiyo nikamwambia mbunge, “Wanaomba barabara.” Mama mmoja akanishika mkono: “Murakoze, asante mwanangu, umetusemea vizuri.”

Barabara ikaja, kisima hakikuja. Yaliyofuata siyaandiki. Lakini mama yako alipochelewa kuzaliwa, gari lilipita barabara ileile kumfikisha bibi yako hospitalini. Mpaka leo sijui niliwatendea nini watu wale.

Basi safari hii zamu yangu ya kuongea nilimpa jirani yetu, Mama Spesi, anayechota maji ziwani hata sasa kipindupindu kinapotusumbua. Nilijua ataomba bomba.

“Mheshimiwa,” akasema, “tutengenezee barabara. Samaki wangu wanaoza kabla ya kufika Bujumbura.”

Mbunge akaandika, akaondoka. Nikamuuliza Mama Spesi, “Na maji je?”

Akacheka. “Maji si ungeomba wewe, mzee? Zamu ilikuwa yako.”

Msalimie mama yako. Habari ya barabara ile ya Tanzania sijawahi kumwambia, na sijui kama umwambie.

Babu yako