Gemu la maandishi matupu

Saida, cha kwanza nilichoona ni kwamba Nassoro amenyoa ndevu.

Natoka kwenye banda lake la gemu hapa Chuno sasa hivi.

Nilimwambia nataka kuanza lile gemu la mashujaa, lenye matoleo matatu ya zamani. Akasema, "Anza na la tatu, humo watu wanaongea. La kwanza ni maandishi matupu, tena Kiingereza. Utaweza?"

Nikasema la kwanza. LA KWANZA! Mimi niliyeishia darasa la tano!

Si unajua anavyotutafsiria sinema pale bandani.

Akacheka. "Haya, mbishi wewe. Mwanaidi, njoo umsomee mwenzio." Akaja msichana na soda yake. "Mchumba wangu huyu. Kiingereza kwake maji."

Mchumba, Saida. Alisema mchumba.

Na nikakaa, nikasomewa na huyo huyo! "Dada, shujaa anakuuliza, unaondoka au unabaki?" Nikajibu nabaki.

Sirudi tena pale.

Nilichagua la maandishi ili anisomee Nassoro mwenyewe, neno kwa neno, mpaka mwisho. Nampenda. Sijawahi kumwambia mtu, hata wewe.