Pijo la Baba na Maji ya Kisima

Alhamisi. Joto la leo halina adabu, na mimi nimekasirika tangu saa nne asubuhi mpaka sasa ninapoandika.

Keshokutwa mdogo wangu Neema anaolewa. Sisi dada zake, siku za harusi zetu, tulipelekwa kanisani kwa Pijo la baba, gari lile la rangi ya maziwa alilolinunua enzi za ualimu wake, na ameapa kwamba kitindamimba wake hatakwenda na kitu kingine. Upande wa bwana harusi walitoa gari jipya pamoja na dereva. Akakataa. "Mtoto wangu hatoki kwangu kwa gari la kuazima," aliwaambia wazee wa watu.

Kazi ya kulifufua ikaniangukia mimi, kwa kuwa katika familia yetu mimi ndiye mwenye wazimu wa magari.

Tangu Pasaka nahangaika nalo. Boksi la fyuzi lilikuwa limeliwa na kutu, nikabadilisha. Vichwa vya betri viliota unga wa kijani, nikavisugua kwa msasa, vikaota tena. Waya za taa nikazifuata mpya Kariakoo. Naliacha Mwananyamala kwa baba linaunguruma vizuri, narudi zangu Segerea nimefurahi, wiki inayofuata nalikuta limekufa.

Lawama nilimtupia fundi Shabani, fundi wetu wa umeme wa magari. Mbele ya wateja wake nilimwambia ananiwekea vifaa feki. Akajitetea kwamba ni upepo wa bahari unaokula vyuma. Nikamwuliza hiyo bahari ya Mwananyamala iko mtaa gani. Watu wakacheka, na tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Leo nimeomba ruhusa kazini nikaenda kwa baba bila kumwambia. Nimemkuta uani, boneti iko wazi, kavaa kaptula yake ya kazi, mkononi kashika mpira wa maji. Anaosha injini. Anamwagia fyuzi, betri na waya zangu mpya, taratibu kabisa, huku anaimba pambio.

Maji ya kisima chetu!

Maji ambayo hata chai hatupikii kwa chumvi yake. Mabati ya bafuni yameliwa nayo mpaka unamwona jirani.

Nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia baba kelele maishani, na hata shikamoo nilisahau. Nilimwuliza nani kamtuma. Akafunga maji, akanitazama, akasema, "Mama Ester, kwani bibi harusi anapanda gari chafu?"

Kumbe kila wiki analiosha hivyo, nje na ndani ya boneti. Magoti yamemkatalia bustani, kanisani siku hizi anapelekwa. Kazi ya mikono aliyobaki nayo ni hiyo ya kuosha Pijo. Niliyajua yote haya nikiwa nimesimama pale, na yakanizidishia hasira, maana sikuwa tena na mtu wa kumgombeza.

Tulijaribu kuliwasha. Kimya.

Nikaenda kwa Shabani kwa miguu, jua la mchana kichwani, nikamwomba radhi mbele ya wateja wake. Hakuinua uso kwenye kazi yake. Alisema atakuja kesho alfajiri, kwa ajili ya mzee, si kwa ajili yangu. Imeniuma, na nimestahili.

Jioni nilimnunulia baba madumu ya maji ya bomba, nikamwambia gari lioshwe kwa haya tu. Akachovya kidole, akaonja, akakubali kwamba ni matamu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama anaruhusiwa kufungua boneti.

Baba yangu, aliyenifundisha kuendesha kwa gari hilohilo, ananiomba mimi ruhusa.

Nikamjibu hapana. Akaitikia kwa kichwa, akakunja mpira wake wa maji, akaingia ndani.

Nimefika Segerea bado nina hasira. Ila sasa sijui namkasirikia nani.