Mayai Makubwa ya Shemeji Yako

Dada yangu mpenzi,

Huku mvua imekatika na bata wanataga vizuri. Shemeji yako bado ana ugonjwa wake wa mayai makubwa. Ya wastani anayauza, ya kutotolesha anachagua yale yanayojaza kiganja. Nimemwambia mpaka nimechoka kwamba yai likizidi ukubwa, unyevu hautoki wa kutosha, kifaranga anazama humo humo. Yeye hunijibu kwa mkanda. Mara iliyopita hayakuanguliwa, akasema nimeyatia nuksi, akaning'oa jino. Ndiyo maana sikupiga simu. Ungeisikia sauti yangu.

Safari hii nilificha ya wastani kwenye trei ya chini, ndani ya mashine ya kutotoleshea. Leo asubuhi yameanguliwa karibu yote. Yake ya juu yananuka. Alipoona, alimshika kifaranga mmoja akamminya mpaka akapasuka, kisha akawakanyaga wawili kwa buti, macho kanikodolea mimi.

Dada, nilichukua sepetu la kuzolea samadi nikampiga nalo mkono. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Nikamsukuma nje, nikatia komeo.

Sasa anagonga mlango kwa mkono uliobaki, ananiita mpenzi. Sitoki kwanza. Vifaranga bado wabichi, na mbichi hasafirishwi. Wakikauka tutatoka wote, sepetu likitangulia.

Muuza maziwa akipita dirishani nitampa barua hii. Wewe tandika kitanda, na uweke boksi lenye nguo kuukuu karibu na jiko.

Mdogo wako, mwenye pengo