Saini Moja Tu

Jumatatu, 9 Juni. Rwamishenye
Kamera ya kigari chetu cha roboti bado inachanganywa na migomba. Inaona shina, inadhani ni mtu, kigari kinasimama kulisubiri. Nimecheka peke yangu. Deus, mchumba wangu, angecheka zaidi, lakini yuko Dar kwenye usaili wa kazi.
Mwaka wa pili huu tunakijenga, hapa chumba cha mbele. Tunataka kimfuate mama yake Deus kibanjani, shambani kwake Buganguzi, kimbebee kahawa. Nyonga yake imekwisha. Mavuno yameanza na bado anajitwisha ndoo.
Harusi Septemba.

Alhamisi, 12 Juni
Afadhali leo. Mtu fulani wa Peru, hatujawahi kuonana, alisoma swali langu akanitumia marekebisho. Ndivyo ulivyo huu mfumo wa roboti tunaoutumia. Ni programu huria. Yeyote anauchukua bure, anajenga chake juu yake, na akipenda anawaachia wengine alichoongeza. Sisi tumeweka sehemu ya kumfuata mtu kati ya migomba. Jina langu na la Deus, pamoja. Nilipoyaona mara ya kwanza nilijiona nimeshaolewa.
Hajapiga simu.

Jumapili, 15 Juni
Kazi amepata! Kampuni ya mashine za kilimo. Nililia nje ya kanisa, akina mama wakanipongeza bila kujua kwa nini. Anaongea harakaharaka. Kuna jambo atanieleza akija.

Ijumaa, 20 Juni
Amekuja. Sijui niandikeje.
Kampuni inataka programu ya kigari. Kwenye usaili Deus aliwaambia aliiandika peke yake. Sasa wanataka tuiondoe mtandaoni, na mimi nisaini kwamba sikuwa na mkono wowote ndani yake, la sivyo kazi hapewi.
Nikamwambia watu wameshachukua nakala. Ruhusa tuliyotoa hairudi.
"Najua. Wanachotaka ni saini yako tu, Koku. Si tunaoana? Changu si chako?"
"Kama ni chetu, mbona jina langu ndilo linaloondoka?"
Alimaliza ndizi zote nilizopika, akaenda kulala kwa kaka yake Kashai.
Yeye ni wa chuma na mota. Fundi hasa. Programu niliiandika mimi, karibu yote. Anajua.

Jumamosi, 21 Juni
Nina hasira. Nampenda. Vyote viwili, kwa pamoja.

Jumanne, 24 Juni. Ijumbi
Nyumbani. Nimewaeleza wazazi. Mama hakungoja nimalize.
"Saini, mwanangu. Jina litakufaa nini? Mwanaume wa kukubali mke anayeshinda na nyaya, utampata wapi mwingine?"
Baba alikohoa, akatoka kwenda kuangalia mbuzi.
Usiku nikakubaliana na Mama. Kabisa. Nikapanga hata maneno ya kumwambia Deus.

Alhamisi, 26 Juni. Rwamishenye
Nimeshika kalamu, karatasi ya kampuni mezani. Sikuweza.
Si kiburi. Nilijaribu kuiona nyumba yetu baada ya hapo. Watu wanakuja, wanamsifu kwa kazi ile, nami naleta chai. Kila mwaka. Na yeye ananitazama akijua.
Nikampigia. Siwezi, Deus. Waambie ukweli, labda watatuchukua wote wawili.
"Basi," akasema.
Nilidhani anazungumzia saini.

Jumamosi, 28 Juni
Hakuzungumzia saini.
Kaka yake amekuja mchana kuchukua vitu vyake. Drili, buti, mashati mawili. Harusi haipo. Deus ameondoka kwa ndege ya asubuhi. Hakuja mwenyewe. Hilo ndilo linaloniua. Miaka minne, na hakuweza kutembea kutoka Kashai mpaka hapa.
"Unisamehe, she..." kaka yake alisema. Akaishia hapo. Hakujua tena aniite nani.

Jumatano, 2 Julai
Chai tu leo. Sijafungua kompyuta.

Ijumaa, 4 Julai
Nimesikia kazi wamempa hata bila saini yangu. Hawakuihitaji sana, kumbe.
Nimelia mpaka mwenye nyumba akagonga mlango.

Jumapili, 6 Julai. Buganguzi
Nimempelekea mama yake Deus kigari, kwa pikapu ya kukodi. Nilimwahidi kwa mdomo wangu.
Alikuwa ameshaambiwa. Macho mekundu. Alinishika mikono, "Karibu, waitu," akaniita bado wa kwetu, halafu hatukumtaja mwanawe tena. Nilimwonyesha swichi na namna ya kuchaji. Akatangulia na fimbo yake, polepole, kigari kikamfuata chini ya migomba na ndoo mbili za kahawa mbivu. Akisimama, kinasimama. Aligeuka akakitazama, akafunika mdomo kwa kanga. Sijui alikuwa anacheka au la.
Nilitaka kumtazama Deus, kama vile yuko kando yangu. Shingo iligeuka yenyewe.
Tulikula ndizi na maharage. Tukachambua kahawa kidogo, tumekaa kwenye mkeka mmoja. Jua lilipopungua nikaaga.
Siku zote hunisindikiza hadi barabarani na kuniuliza nitarudi lini. Leo alinisindikiza. Tukasimama pale. Pikapu ikaja.
Hakuuliza.