Kicheko Kilichotoka Dukani

Kibabi, Jumapili, 1955. Ukungu haujaondoka mlimani tangu asubuhi, na mimi sijatoka chumbani tangu wageni waende.

Nina hasira. Huzuni pia ninayo, lakini hasira imetangulia.

Leo Deo alikuja kuposa. Niandike vizuri, maana najijua, mwaka kesho naweza kujidanganya. Deo ni mtu wa Ntoto, kule msituni Walikale. Kwanza aliimba kanisani kwetu Masisi, Kilatini, kwa sauti iliyowafanya kina mama wasahau kusali. Baadaye alipata kazi kwenye kambi ya machimbo, na huko akakutana na gramafoni na nyimbo za Kuba. Kispanyola hakijui, lakini hata Kilatini hakukijua na alikiimba vilevile. Sasa ana bendi kambini, ana suruali pana, na watu wanamwita Don Deo. Jumanne anapanda lori kwenda Bukavu, na kutoka huko watampeleka Leopoldville sauti yake ikaingizwe kwenye sahani za gramafoni.

Kabla ya lori anataka niwe mchumba wake. Haraka hii yote ni ya nini?

Si leo nimeanza kumshuku. Niliwahi kumuuliza wimbo mmoja unasema nini, akaniambia ni mama anayemlilia mtoto wake. Nikamuuliza tena Pasaka, akasema ni msichana anayeuza machungwa. Nilicheka, nikanyamaza. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mtu akipenda haangalii juu.

Wimbo wake mzuri kuliko zote aliniambia aliutunga kambini kwa ajili yangu. Katikati anasimama kidogo, anacheka taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha anaendelea. Kicheko kile nilikihesabu kuwa changu. Kwa ajili yake nilimkataa mwalimu wa Lushebere, mtu mpole asiye na neno.

Wiki iliyopita mimi na Mama tuliingia duka la Mgiriki pale Masisi kutafuta kitambaa. Gramafoni ilikuwa ikiimba. Mwanaume nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, akasimama kidogo, akacheka taratibu, akaendelea.

Mama alikuwa anabishania kitambaa. Mimi niliusikiliza mpaka mwisho.

Sikumwambia mtu. Nilijisemea, mwache aje, nimsikie mwenyewe kwa mdomo wake.

Basi leo amekuja, na mjomba wake Papa Kubuya, aliyemlea na kumfundisha kuimba. Mzee huyu ndiye mwimbaji wa hadithi za wawindaji kule Ntoto, anajulikana mpaka huku milimani. Kwao mwimbaji hafungui wimbo kabla ya kumtaja aliyemfundisha, hata kama ni marehemu. Asiyemtaja wanamwona kama mtu aliyetoa nyama kwenye mtego wa mwenzake. Papa, baba yangu, anaijua desturi hiyo, ameshakaa nao sana akinunua nyama ya msituni.

Kwetu nako msichana anapoposwa huleta kibuyu cha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Anaonja, anampa mwanaume. Akishakunywa, neno limekwisha. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kibuyu changu wakati Papa alipoomba wimbo kwanza.

Deo akaimba wimbo "wangu". Akacheka palepale. Watu wote wakacheka naye, hata Mama, na mimi nusura nicheke. Aibu gani hii, kujua na bado kuyeyuka.

"Sauti iko muzuri, mutoto wangu," Papa akasema. "Lakini haukutuambia ni nani alikufundisha."

"Hakuna muntu, Papa. Njo mimi mwenyewe nilitunga, ku kichwa yangu. Njo ya Felisita."

Laiti angesema aliusikia kwenye gramafoni! Nani angemlaumu? Ningeonja pombe pale pale na kumpa.

"Na kuimba kwenyewe," Papa akauliza, "nani alikufungulia kinywa?"

"Ni Mungu tu, Papa."

Nilimtazama Papa Kubuya. Hakukasirika. Aliangalia mikono yake, kisha akasema polepole, kama mtu anayeelezea habari za shamba:

"Njo vile anasemaka. Ku kambi pia walimuuliza ni muntu gani alimufundisha. Mimi nilikuwa pale mulangoni, nilimuletea ndizi. Akasema hana muntu."

Deo akaanza kueleza. Ni mzaha, wasanii wanasema hivyo, mambo ya bendi mzee hawezi kuyaelewa. Alisema maneno mengi na mazuri. Mimi nilikuwa bado naliona lile jambo moja: mzee amesimama mlangoni na ndizi zake, anasikia mtoto aliyemlea akisema hana mtu.

Nilirudisha kibuyu jikoni bila kuonja.

Mama alinifuata mbio. Aliniita mjinga, akasema mwanaume wa sahani haji mara mbili Kibabi, nitakuja kulia. Inawezekana. Papa akaingia nyuma yake, akauliza tu, "Felisita, iko nini?"

"Papa, kule Leopoldville watamuuliza kama iko na muke ku nyumba," nikamwambia. "Atajibu nini?"

Papa alichukua kibuyu mikononi mwangu, akarudi kwa wageni, nikamsikia akimwambia Papa Kubuya asogeze kiti, wanywe, wao wazee wawili.

Deo hakupewa.

Naipenda sauti yake hata sasa ninapoandika. Ndiyo inayoniuma. Huenda nimemwonea, huenda mtu anaweza kudanganya kuhusu wimbo na asidanganye kuhusu mke. Wapo wanaoweza kukaa miaka wakingoja kuujua ukweli huo. Mimi siwezi.

Kukicha nitakwenda kupalilia maharage. Nikikutana naye njiani nitamsalimia, kwa sababu nimefundishwa adabu na Mama, lakini sitasimama.