Mgonjwa Niliyemtunga

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Natumaini mu wazima. Mimi sijambo, ila mgongo unaninung'unikia kwa kukaa kitini kutwa.

Uliniuliza kazi yangu mpya chuoni ni ipi hasa. Nawafundisha wanafunzi wa udaktari kumhoji mgonjwa, kwa kutumia akili bandia. Mwanafunzi anakaa mbele ya kompyuta, anauliza kwa sauti, na mgonjwa wa kwenye skrini anamjibu, anaguna, ananuna akikatizwa. Mimi ndiye ninayemtunga: umri wake, maradhi yake, na lile analolificha mpaka aulizwe vizuri.

Wa kwanza nilimtunga Mama. Usishtuke. Nilimpa ile tabia yake ya kusema ni tumbo tu, hata akiwa hoi. Nilimpa na damu ya chooni, ile tuliyoijua tumeshachelewa. Pembeni nikamweka binti aliyemsindikiza.

Kisha nikamwalika yule daktari. Yuleyule aliyemrudisha Mama nyumbani na dawa za maumivu, miezi mitatu kabla hatujamzika. Siku hizi ni bingwa, haachi kualikwa kwenye makongamano. Nilimwandikia kwa adabu zote kwamba wanafunzi wangefaidika kumwona mtu mzoefu akihoji, naye akakubali siku hiyohiyo.

Ukumbi ulijaa. Alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde tisa, akaongea na binti zaidi kuliko na mgonjwa mwenyewe. Dakika mbili tu, akaandika dawa za maumivu, zilezile kaka, akatugeukia akitabasamu. Skrini ikatoa tathmini kwa maandishi makubwa: damu haikuulizwa, mgonjwa amefariki baada ya miezi mitatu. Daktari akawa anatafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Niliona raha, sikufichi. Roho yangu ilisuuzika. Alipoomba maji nilimpelekea mwenyewe, nikamnong'oneza jina kamili la Mama na tarehe aliyomwona. Hakumkumbuka, na hilo nalo nimemwekea kinyongo.

Ningependa kuishia hapo. Lakini msichana mmoja wa safu ya nyuma, mpole, aliomba naye ajaribu. Kabla ya kuuliza lolote, akamwomba binti atoke nje kidogo. Mgonjwa akakohoa, kisha akasema: "Mwanangu, naona damu. Sikutaka huyu binti yangu ajue."

Hilo la kumficha binti sikumwandikia, kaka.

Na kuna jambo sijawahi kukuambia. Siku ile kwa daktari, Mama alifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili mimi ndiye niliyemjibia. Nilisema ni vidonda vya tumbo. Nikamwambia asimchoshe daktari, nje kuna foleni. Maneno ya binti wa kwenye kompyuta sikuyatunga. Ni yangu, neno kwa neno. Nilidhani nimemtegea daktari peke yake.

Daktari nimemmaliza, na sijutii. Wiki ijayo linaanza darasa jingine, wanafunzi sitini, na binti nimemwacha palepale alipo. Kila mmoja wao atafundishwa kumtoa nje.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Ukiona huwezi kunijibu, nitaelewa.

Ni mimi dada yako,
yule ambaye Mama alikuwa akimwita Wakili