Mbegu Zisizofukiwa

Nyumba ya Mama,
Chumba cha cherehani.
Jumapili, 23 Machi

Mpendwa Kitindamimba,

Pokea salamu zangu, mdogo wangu, nyingi kuliko stempu nilizobandika. Hujambo? Shemeji na mapacha hawajambo? Na kile kikohozi, kimepona au bado unakibembeleza kwa chai? Sisi huku wazima. Goti langu linalalamika, ila cherehani inataka mguu, na mguu inaupata.

Barua yako niliipata Jumanne. Unanishauri nimwachie kaka ule uwanja wa nyuma, kwa kuwa mwenye nguvu mpishe. Mdogo wangu, nimempisha kaka tangu tukigombania nafasi kitandani. Sasa mgongo umegusa ukuta.

Ngoja nikueleze, maana najua umesikia ya upande mmoja. Tangu jirani apandishe ghorofa lake, jua halifiki uwanjani. Maharage ya marehemu mama yalikufa, na mchicha wangu ukarefuka mwembamba, mweupe kama uzi. Kaka akasema ardhi ile imekufa, imwagiwe zege aweke stoo ya matairi yake. Nikakataa. Tukafikishana kwa mjomba na tukapatana hivi: nikiotesha kitu palepale, kwa mbegu na si kwa miche ya kununua, kabla Machi haijaisha, uwanja ni wangu. Nikishindwa, zege.

Muuza miche wa kule njia panda alinipa kikaratasi cha mbegu za maua ya begonia. Alisema hupenda kivuli, na ikishika huishi miaka. Kufungua, nakuta vumbi! Nilizuia pumzi, maana chafya moja ingemaliza bustani nzima.

Nikatwaa sinia la plastiki, nikalitoboa chini na kulijaza udongo, nikapanda kama mama alivyotufundisha: mbegu yoyote, ifukie mpaka kifundo cha kidole. Unakumbuka alivyokuwa akitupima vidole? Siku ishirini zikapita kimya. Kaka kila akipita ananiuliza kama siku hizi nafuga udongo.

Nilirudi kwa muuza miche na nusu ya mbegu niliyokuwa nimebakiza. Aliposikia habari ya kifundo cha kidole alicheka mpaka akakalia ndoo. Kumbe hizi hazifukiwi kabisa. Zinataka mwanga ndipo ziamke, tena ni ndogo mno kuinua udongo. Basi nikachekecha udongo mpya kwa chujio la chai, nikachanganya mbegu na mchanga laini, nikazinyunyiza juujuu na kuziacha hivyo hivyo. Nikafunika kwa nailoni ya pakiti za shati. Maji sikumwagia juu. Sinia lilikaa palepale uwanjani, ndani ya beseni, udongo ukanywa kwa chini. Mama anisamehe, sheria yake nimeivunja.

Siku ya kumi na sita nilivaa miwani ya kutungia sindano, nikainama. Vilikuwepo. Vijani viwili viwili, kila kimoja hakijai tundu la sindano. Nililia, na sioni haya kukuambia.

Alhamisi iliyopita kaka akaja na fundi mwashi na mifuko ya saruji, Machi haijaisha. Nikaweka kiti changu mlangoni, nikakaa, nikaagiza mjomba aitwe. Kaka alipoonyeshwa sinia alisema hata kuku hashibi hapo.

“Tulipatana viote,” nikamwambia. “Hatukupatana vishibishe.”

Mjomba aliazima miwani yangu, akahesabu mpaka arobaini, akachoka. Akasema mapatano ni mapatano.

Hapo ndipo kaka alipolitoa lile lililokuwa limemkaa rohoni. Alisema mimi nilirudi tu kutoka kwa mume, kwamba ni mpitaji, kesho nitaolewa tena, na huo uchafu atautunza nani? Fundi akaanza kukagua viatu vyake. Iliniuma, sitakuficha. Iliniuma kuliko siku niliyorudi na sanduku.

“Huu mwaka wa tisa, kaka,” nikasema. “Mpitaji gani hapiti?”

Kaka akamwashiria fundi. Mifuko ilirudishwa mkokotenini. Tangu siku hiyo hanisalimii. Anune, mashavu ni yake. Nawe usinipigie simu kutupatanisha, sijagombana na mtu. Miche ikikomaa nitaihamishia ardhini, ukuta hadi ukuta.

Nisalimie sana shemeji, na mapacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mjomba anakusalimu, anasema na yeye anunuliwe miwani. Mama mkwe wako mwambie gauni lake liko tayari.

Mungu akulinde, akupe afya na riziki ya halali. Najua nawe huniombea. Ila lile ombi lako la kila barua, kwamba siku moja nami nipate kwangu, liache sasa. Niko kwangu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Fundi Cherehani